Risiva yako inapumulia wapi?

Kama risiva yako imewaka kwa saa nzima sasa, inuka uiguse. Kiganja kizima, juu ya bati, pale penye matundu. Ukiweza kukiacha pale huku ukiendelea na mazungumzo, huna shida. Huo ni uvuguvugu wa kawaida. Ukikiondoa kabla hujahesabu tano, tuna kazi ya kufanya. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haina gharama.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii king'amuzi cha dishi, ingawa nacho wengi tunakiita risiva. Nazungumzia lile boksi zito la hom thieta, lenye safu ya HDMI nyuma, linalosukuma spika tano au saba. Uzito wake unatokana na transfoma, na kipande kikubwa cha alumini kilichochongwa mapezi mapezi. Mapezi hayo yana kazi moja: kupokea joto la amplifaya na kulikabidhi kwa hewa. Hewa isipopita, joto linabaki ndani na mwenye nyumba anabaki na gharama za fundi.

Amplifaya za humo nyingi ni za aina ya AB, na aina hiyo hupoteza umeme mwingi kwenye joto. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, sehemu inayopotea ni kubwa zaidi kuliko inayofika kwenye spika. Hata usipopiga chochote, boksi likiwa limewaka tu, linakula makumi ya wati. Kwa hiyo kupata moto si ugonjwa. Ugonjwa ni joto kukosa pa kutokea. Nadharia inaishia hapo, twende kwenye sebule yako.

Anza na kitambaa. Unakijua. Kile cheupe cha kufuma kwa sindano, chenye pindo la maua, kilichotandikwa juu ya kila kifaa cha umeme sebuleni. Kwetu kilikaa juu ya risiva kwa mwaka na zaidi. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, sebule imejaa, kipindi cha pili kimekolea, sauti ikakata ghafla. Picha ipo, kelele hakuna. Nilipoondoa kitambaa, bati lilikuwa la moto kama kikaango, na shangazi aliyekifuma amekaa kwenye kochi ananitazama. Niliona aibu, lakini sikukirudisha. Kihamishie chini ya chombo cha maua, chini ya picha ya harusi, popote pasipo na matundu. Ukiogopa vumbi, funika risiva usiku ikiwa imezimwa na imepoa, na ufunue kabla ya kuiwasha.

Kisha shusha mizigo. King'amuzi, deki ya DVD, ruta ya intaneti, gemu ya watoto: hakuna hata kimoja kinachopaswa kukaa juu ya risiva. Vyenyewe vinatoa joto, na vinaziba mlango wa joto la mwenzao. Kama huna nafasi na ni lazima upange kwa ghorofa, risiva iwe juu kabisa na vingine chini. Ukifanya hili moja na ukaacha mengine yote, utakuwa umepiga hatua kubwa.

Nafasi kiasi gani? Fungua kitabu kilichokuja na kifaa, ukurasa wa mwanzo mwanzo, wanaandika. Vitabu vya risiva kadhaa za Yamaha vinataka sentimita 30 juu, 20 kila upande na 20 nyuma. Denon kwa baadhi ya modeli inaridhika na sentimita 10 au zaidi. Kama kitabu kilipotea zamani, shika vipimo vikubwa zaidi. Bila rula, shubiri moja ya mtu mzima inakaribia zile 20. Na usibane katika nafasi ya juu, maana hewa ya moto hupanda.

Chini napo watu husahau. Risiva huvuta hewa ya ubaridi kupitia matundu ya tumboni, ndiyo maana imewekewa miguu. Ukiiweka juu ya zulia, miguu inazama na tumbo linaziba. Iweke juu ya ubao au rafu ngumu. Ukitaka kuisaidia zaidi, iinue kidogo kwa vipande vinne vya mbao vyenye unene wa sentimita mbili, kimoja chini ya kila mguu. Seremala atakupa mabaki bure.

Sasa kabati, maana hapo ndipo risiva nyingi zinapofia. Kabati la TV la siku hizi linapendeza: milango ya vioo, mgongo wa hadibodi, kila kitu kimejificha. Kwa risiva hilo ni tanuri. Hewa iliyomo ndani inapata moto, inazunguka mle mle, na risiva inaivuta tena ikiwa ya moto vile vile. Hatua ya kwanza ni kuacha milango wazi wakati wa kutazama. Hatua ya pili ni kuutoa ule mgongo wa hadibodi. Umeshikwa kwa misumari midogo tu. Bisibisi bapa na dakika kumi zinatosha. Kama mgongo ndio unaoshikilia kabati lisiyumbe, usiutoe wote, kata dirisha nyuma ya rafu ya risiva.

Hutaki kuharibu sura ya kabati? Mwite seremala na ile biti ya mviringo anayotobolea milango ili kuweka vitasa. Mwambie atoboe safu mbili: moja chini, karibu na sakafu ya rafu ya risiva, nyingine juu kabisa nyuma, chini ya dari ya rafu hiyo. Matundu sita kila safu, au manane. Zote mbili ni lazima. Ukitoboa juu peke yake, hewa ya moto inataka kutoka lakini hakuna ya kuingia kuchukua nafasi yake. Ukitoboa chini peke yake, ya moto inabaki imening'inia juu. Ni mambo ya jiko la mkaa: ukiziba mlango wa chini, moto unazubaa hata kama juu ni wazi.

Ukimaliza, vuta kabati mbali na ukuta, sentimita tano au zaidi. Nimeona mtu katoboa matundu mazuri kabisa, kisha akalisukuma kabati mpaka likabusu ukuta. Amelipa seremala bure.

Wengi wakifanya hayo hawahitaji feni. Lakini kama kabati lako ni la kujengewa ukutani, au unaishi Tanga, Mombasa au Dar na kaskazi imeshika, feni ina faida. Mchana wa Februari pale Dar hewa ya nje inafika nyuzi 32 na zaidi. Joto la risiva linaanza kuhesabiwa kutoka hapo. Mtu wa Njombe ana nafasi ya kuzembea ambayo wewe huna.

Feni nzuri kwa kazi hii ni ya kompyuta ya mezani, ile ya milimita 120. Utaipata kwa mafundi kompyuta, mara nyingi imechomolewa kwenye mashine iliyokufa. Ni ya volti 12, na kwa volti 12 inapiga kelele. Usiipe zote. Tafuta adapta yenye swichi ya kubadili volti, iweke kwenye 6 au 7.5. Itazunguka polepole, hutaisikia hata kwenye filamu ya minong'ono, na hewa itakayosogea inatosha. Feni mbili za polepole ni bora kuliko moja inayovuma.

Usipopenda kuunganisha waya, nunua za USB za volti 5 zilizo tayari. Zichomeke kwenye tundu la USB la TV. TV ikiwaka, zinawaka. Ikizimwa, kwenye TV nyingi nazo zinalala. Huna cha kukumbuka. Zipo pia za kampuni kama AC Infinity zilizotengenezwa mahsusi kukaa juu ya risiva, baadhi zikiwa na kipima joto chake chenyewe. Ni nzuri, ila kwa bei yake utapata feni kadhaa za kawaida na soda juu.

Mwelekeo ndio unaokosewa zaidi. Mtu anaiweka feni juu ya risiva ikipuliza chini, kama anavyopoza chai. Hapo unaizuia hewa ya moto isipande na unairudisha tumboni. Feni ya juu ya risiva ivute kwenda juu. Feni ya kwenye kabati ivute kutoka ndani kwenda nje, na ikae kwenye tundu la juu, si la chini. Nyingi zina mshale mdogo ubavuni unaoonyesha hewa inakoelekea. Kama huuoni, washa kijiti cha udi ukisogeze karibu na matundu ya chini ya kabati. Moshi ukivutwa ndani, umepatia. Ukikupulizia usoni, geuza feni. Jivu lisidondokee kwenye kifaa tu.

Pangaboi la darini linasaidia chumba, halisaidii ndani ya kabati lililofungwa. Feni ya kusimama ukiielekeza kwenye kabati lililo wazi inapoza kweli, lakini inaleta na vumbi la chumba kizima. Itumie siku ya dharura. Kiyoyozi ni kizuri, mradi risiva isikae chini yake moja kwa moja. Vile vyombo hudondosha maji siku usiyotarajia.

Angalia jua pia. Jua la saa kumi alasiri likiingia dirishani na kutua juu ya bati jeusi, unaanza filamu na kifaa ambacho tayari kina homa. Pazia zito linatosha.

Umeshapanga nafasi. Sasa punguza joto lenyewe, kwa rimoti tu.

Ingia kwenye menyu ya spika. Kama spika za mbele zimewekwa "Large", zibadili ziwe "Small" na uweke kroso, ule mpaka ambapo besi inahamia kwenye sabufa, kwenye hezi 80. Besi nzito ndiyo inayokamua amplifaya kuliko kitu kingine, na sabufa yako, kama ni ile inayochomekwa kwenye umeme, ina amplifaya yake yenyewe. Iachie mzigo huo. Sauti haitaharibika, kwa spika ndogo itakuwa safi zaidi.

Tafuta ECO, hali ya kubana umeme, kwenye menyu. Denon, Marantz na Yamaha wanaiweka kwenye modeli nyingi za miaka ya karibuni. Iwashe kwa taarifa ya habari na tamthilia, izime siku ya filamu kubwa ukitaka. Utaisikia tofauti kwa kiganja kabla ya kuisikia kwa sikio.

Sauti nayo. Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai wati maradufu. Kwa hiyo ukishusha kidogo tu, kiasi ambacho wageni hawatagundua, umepunguza kazi ya amplifaya kwa nusu. Kama daima unapandisha mpaka mwisho na bado haitoshi, risiva haina kosa. Chumba ni kikubwa au spika ni dhaifu.

Halafu kuna ile tabia ya sikukuu: spika za ziada zinaungwa kwenye matundu yale yale ili uani nako kusikike. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, risiva inaona omu 4, na mkondo unakuwa mara mbili. Tazama nyuma karibu na matundu ya spika, kuna alama ya Ω na namba. Kama imeandikwa 6 hadi 16, omu 4 hazikaribishwi. Sherehe ya uani itafutie sabufa yake.

Kama ulinunua ya mtumba, geuza boksi usome volti kabla hujasoma kitu kingine. Ya soko la Japani ni ya volti 100. Ya Marekani ni ya 120 na hezi 60. Umeme wa Tanzania ni 230 na hezi 50. Najua umeshaitafutia transfoma ya kushusha, hilo unalijua. Ambalo huenda hujaambiwa ni kwamba transfoma nyingi za dukani zinatoa 110. Kwa risiva ya Kijapani hizo ni asilimia 10 juu ya ilichotengenezewa, na ziada hiyo inaishia kuwa joto, usiku na mchana. Tafuta yenye tundu la 100. Ipo, ila uulize kwa jina. Ya Kimarekani nayo, hata ukiipa volti zake sawasawa, transfoma yake ya ndani hupata moto zaidi kwenye hezi 50 kuliko kwao. Hilo hulirekebishi, iongezee nafasi na feni. Transfoma ya kushusha yenyewe iwe kubwa kuliko wati zilizoandikwa nyuma ya risiva, na uiweke pembeni, sakafuni. Ukiiweka chini ya risiva ni sawa na kuiwekea jiko.

Vumbi sasa. Likijaa kwenye mapezi ya alumini linakuwa kama blanketi. Kila baada ya miezi mitatu, au kila mwezi kama barabara ya mtaani kwako haina lami, fanya hivi. Zima, chomoa plagi, subiri ipoe. Chukua brashi ya rangi mpya, kavu, laini, upanguse matundu ya juu huku mtu mwingine ameshika mpira wa mashine ya kufyonza vumbi karibu. Kama huna mashine, brashi peke yake inatosha, ila pangusa kuelekea nje. Kama kuna feni ndani, izuie kwa kijiti isizunguke unapopuliza au kufyonza. Kitambaa chenye maji kikae mbali kabisa.

Bati usilifungue mwenyewe. Kapasita kubwa za humo zinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kutoka ukutani, na garantii inaweza kuishia hapo hapo. Kapasita hizo hizo ndizo zinazoteseka zaidi na joto. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wa kapasita unapungua kwa karibu nusu. Risiva inayochemka haifi siku moja. Inazeeka haraka.

Mjusi naye anapenda mahali pa joto, na akipita kwenye bodi ya umeme anakufa yeye na risiva. Usimzibie kwa chandarua cha mbu. Vumbi litaziba vitundu vyake na utakuwa umerudi kwenye kitambaa cha shangazi. Tumia wavu wa waya wenye matundu makubwa kidogo, na uuweke kwenye matundu ya kabati, si kwenye risiva. Kisha usiache makombo ya chakula sebuleni, maana mjusi hufuata wadudu.

Kwa watu wa pwani neno moja la upande wa pili. Kama unasafiri mara kwa mara, risiva isilale miezi bila kuwaka. Chumvi na unyevu vinakula miguu ya vipuri. Mtu wa nyumbani aiwashe kwa muda wa saa moja kila wiki, ikauke ndani. Joto kidogo pwani lina kazi yake.

Na ikizima ghafla? Usiiwashe hapo hapo. Tazama taa. Kwa risiva nyingi za Denon, taa nyekundu ikipepesa takriban kila sekunde 2, kinga ya joto imefanya kazi yake. Zima, ipe kama saa moja, kisha washa. Ikipepesa haraka, kama kila nusu sekunde, shuku waya za spika. Mara nyingi utakuta unyuzi mmoja wa shaba umechomoza na kugusa tundu la jirani. Zima, chomoa, sokota ncha upya, rudisha. Kampuni nyingine zina lugha zao za taa, na kitabu kinazitafsiri.

Kama umetoa kitambaa, umetoboa kabati, umeweka feni, kiganja kinavumilia vizuri, na bado inazima, hapo ni kazi ya fundi. Mwambie unachokijua: inazima baada ya dakika ngapi, kwa sauti kubwa au ndogo, na taa inapepesa vipi. Mwombe aangalie kama feni ya ndani inazunguka na kama grisi ya joto kati ya transista na alumini imekauka. Bei mpatane kabla hajashika bisibisi. Akikuambia dawa ni kuikata ile kinga ili isizime tena, mshukuru, beba boksi lako, tafuta fundi mwingine.